Tunawasomesha Watoto kwa Kazi Gani?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mji wa Kasongo haulali. Vijana waliofaulu wanamwagiwa unga mweupe kichwani, wanabebwa mabegani, pikipiki zinapiga honi, na akina mama wanapiga vigelegele. Kule Kabambare ni vivyo hivyo. Nasi twafurahi pamoja nao, kwa maana mzazi aliyeuza mpunga wake kwa muda wa miaka sita ili mtoto amalize masomo ya sekondari ana haki ya kucheka siku moja.

Lakini unga ule huoshwa jioni ile ile. Miezi ikipita, twapita tena barazani kwa mzee yule yule, twamkuta kijana ameketi. Diploma imetiwa katika plastiki, imewekwa sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya nyumba nzima. Tukiuliza, "Baba, mtoto anafanya nini sasa?" mzee anatazama chini. "Anangoja," asema. Anangoja nini? Hapo hakuna ajuaye.

Ndugu wasomaji, leo twataka kusema juu ya kungoja huko. Tutasema bila kuzunguka, na labda wengine watachukia. Afadhali wachukie leo kuliko kulia kesho. Neno letu ni hili: shule zetu za sekondari za Kasongo na Kabambare zawatayarisha watoto kwa mtihani tu. Haziwatayarishi kwa chuo kikuu, wala haziwatayarishi kwa kazi. Na lawama si ya mtu mmoja. Ni ya Serikali, ni ya wazazi, na ni yetu sisi Wakatoliki tunaoongoza sehemu kubwa ya shule hizo.

TULIKOTOKA

Tukumbuke kidogo mambo ya zamani. Tarehe 26 Mei 1906 Roma ilifanya mapatano na Dola la Kongo la mfalme Leopold. Misioni zilipewa ardhi, na kwa upande wao zilipaswa kufungua shule ambamo watoto watafundishwa kilimo na kazi za mikono. Ndiyo sababu misioni nyingi za zamani zilikuwa na karakana ya useremala, tanuru la matofali na shamba. Wazee wetu walijifunza huko kupiga randa na kujenga ukuta ulionyoka.

Lakini tusiusifu ukoloni kupita kiasi. Wakoloni walitaka mikono yetu. Vichwa vyetu waliviogopa. Hapa Maniema babu zetu walilimishwa pamba kwa lazima, na hakuna aliyewauliza kama mtoto wao anataka kuwa mganga au mwanasheria. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Basi Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kama hii. Watu waliona kwa macho yao kwamba aliyeketi mezani ndiye anayetawala, na aliyeshika jembe ndiye anayetawaliwa. Wakaapa mioyoni mwao: "Mwanangu atashika kalamu." Kiapo hicho kilikuwa cha haki, wala hatukicheki.

Lakini tumekifanyia nini? Mkoloni alitufundisha kazi ya mikono akatunyima elimu ya juu. Sisi tumeacha karakana zifungwe na mashamba ya shule yaote majani, na mahali pake hatukuweka maktaba wala maabara. Tumeweka ubao, chaki na mtihani. Mikono tumeiacha, na kichwa hatukukijaza.

Wengine hupenda kusema, "Hayo ni mambo ya Serikali." Ni kweli kwamba mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, ni wa nchi nzima. Ni kweli kwamba mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilizitwaa shule za dini zote. Lakini kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 madhehebu yalirudishiwa uongozi wa shule zao. Serikali yapanga programu na yapaswa kulipa walimu. Sisi twaongoza kazi ya kila siku. Mwenye kushika funguo za nyumba hawezi kusema kwamba hajui mvua inavuja wapi.

PENYE NJIA PANDA

Kwa sheria ya Februari 2014, mtoto wa Kongo asoma miaka minane ya elimu ya msingi, kisha miaka minne ya umanite. Mwisho wa mwaka wa nane afanya mtihani wa taifa ambao kazi yake ni kumchagua na kumwelekeza. Maana yake ni nini? Kwamba mtu mzima aketi na mtoto huyu pamoja na wazazi wake, atazame alama zake na vipaji vyake, kisha amwambie: wewe una hesabu, nenda sayansi, wewe una mikono myepesi, nenda ufundi, wewe una moyo wa kulea, nenda uuguzi au ualimu. Sheria imeweka njia panda, na penye njia panda msafiri huhitaji kuelekezwa.

Je, twafanya hivyo? Hapana. Mtoto aenda kwenye shule iliyo karibu na nyumba. Na shule iliyo karibu ina nini? Pedagojia. Akitembea mpaka ya pili, atakuta nini? Pedagojia tena, au masomo ya biashara. Tusidhani kwamba nchi nzima imeitwa kuwa walimu. Sababu ni kwamba pedagojia haidai mashine, haidai chupa za kemia, haidai ng'ombe wala chuma. Yadai chumba, ubao na chaki. Ni rahisi kufungua, basi imefunguliwa kila mahali.

Hatuidharau kazi ya ualimu. Bila mwalimu hakuna padri, hakuna mganga, hakuna hakimu. Lakini twauliza jimbo la elimu la Maniema 2, lenye makao yake hapa Kasongo: nafasi za ualimu zenye mshahara ni ngapi, na vijana wanaotoka kila mwaka na diploma ya pedagojia ni wangapi? Tangu Septemba 2019 shule za msingi za Serikali hazitozi ada, kama Katiba ya 2006 ilivyoamuru. Ni jambo jema. Watoto wa maskini wameingia darasani. Lakini walimu walioongezwa wameongezwa kwa karatasi zaidi kuliko kwa fedha. Ninyi nyote mwawajua wale wanaoitwa N.U., walimu wapya wanaofundisha miezi na miaka wakingoja jina lao litoke kwenye orodha ya mishahara. Basi twamfundisha kijana miaka minne ili aingie katika mstari wa watu wanaongoja, kisha twashangaa akitoroka.

Na pale ambapo kuna sayansi, je, ni sayansi? Kuna kemia inayofundishwa bila chupa hata moja ya kioo. Kuna kompyuta inayochorwa ubaoni, na watoto wanaambiwa wainakili daftarini: hiki ni kioo chake, hiki ni kibodi chake. Kuna kilimo kinachoandikwa kwa kalamu toka Septemba hadi Juni, na jembe halijagusa udongo hata siku moja, hali shule imezungukwa na udongo pande zote nne. Twauliza: huku ndiko kufundisha, au ni kuigiza kufundisha?

WANAOFAULU BILA KUJUA

Tutaje na donda lenyewe, ingawa linanuka. Katika siku za mtihani wa Serikali maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Anayejua huchagua, na aliyeuziwa jibu huchagua vilevile; karatasi haioni tofauti. Sote twajua kwamba mahali pengi katika nchi yetu fedha hukusanywa kwa wanafunzi kabla ya mtihani, na haziitwi hongo. Zaitwa jina zuri, kama vile "kupokea wageni" au "kuwatunza wasimamizi". Wazazi hutoa, kwa maana waogopa mtoto asije akaanguka kwa sababu ya wao kutotoa.

Ndugu wazazi, mnajua mnanunua nini? Mnanunua aibu ya mtoto wenu. Kijana wa namna hii akifika chuo kikuu cha Kindu, au Bukavu, au Lubumbashi, ataketi mbele ya profesa anayesema Kifaransa kwa saa mbili bila kupumzika, naye hawezi kuandika sentensi tatu zilizonyoka. Mwaka wa kwanza ataanguka. Wa pili atarudia. Wa tatu fedha za nyumbani zitakwisha. Shamba limeuzwa, mbuzi wameuzwa, na mtoto amerudi. Watu kijijini watasema, "Huyu hana akili." Uongo! Akili anayo. Sisi ndio tulimfundisha kufaulu bila kujua.

SHIMO LA DHAHABU

Wakati sisi twabishana juu ya diploma, kuna mwalimu mwingine anayewaita vijana wetu, wala hadai ada. Ni shimo la dhahabu. Huko Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, shimo halimwulizi mtu amesoma mpaka wapi. Mvulana wa miaka kumi na minne apewa nyundo na tochi asubuhi, na jioni aweza kuwa na fedha mfukoni. Mwalimu wake wa shule hana hata nauli. Ninyi mngechagua nini kama mngekuwa na miaka kumi na minne?

Tuseme na jambo lingine la huko. Mwezi wa Januari 2016 mgodi mkubwa wa Namoya ulianza kutoa dhahabu kwa biashara kwa mashine za kisasa, chini ya kampuni iliyotoka Kanada. Kazi kama hiyo yataka mafundi wa umeme, wachomeleaji, makanika, madereva wa mitambo, wapima ardhi, wapima madini, waweka hesabu. Vijana wa Kabambare walilalamika kwamba kazi nzuri zinakwenda kwa watu wa mbali. Malalamiko yao twayaelewa. Lakini shule zetu zilikuwa zimemtayarisha nani kwa kazi hizo? Tulikuwa na diploma za pedagojia, na dhahabu haikuhitaji pedagojia. Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi kwa ajili ya mashambulio ya watu wenye silaha. Nao wenye silaha ni akina nani? Wengi wao ni vijana, wana wa nchi, wasio na kazi. Hatusemi kwamba shule peke yake ingezuia vita. Twasema kwamba kijana mwenye ufundi na mshahara si mwepesi wa kuokota bunduki.

MFANO WA HAPA KWETU

Labda mtu atasema, "Maniema ni nchi ya maskini, barabara zinakatika mvua ikinyesha, hapa hakuna linalowezekana." Mtu huyo hajui historia ya mji wake. Kuanzia mwaka 1971, waganga wa chuo cha tiba cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wenzao wa nchi hii, walipanga kazi ya afya katika wilaya ya Kasongo. Walikuwa na hospitali moja, na vituo vya afya huko vijijini. Katika kila kituo waliweka mwuguzi aliyefundishwa kazi yake wazi: ugonjwa huu utautibu mwenyewe, huu utaupeleka hospitali, dawa zako ni hizi, watu wako ni hawa, wajue. Kisha walimtembelea na kumsahihisha. Waliyojifunza hapa yaliandikwa katika majarida ya waganga, yakasomwa katika nchi nyingine, na hata leo wanaosomea afya ya umma hulitaja jina la Kasongo.

Wauguzi wale hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi ya kweli, kwa vyombo vya kweli, wakafuatwa kwa uaminifu. Basi jambo hilo liliwezekana hapa hapa, katika barabara hizi hizi. Kama liliwezekana kwa afya, kwa nini lisiwezekane kwa kilimo, kwa ujenzi, kwa umakanika?

"MNATAKA KUTURUDISHA KWENYE JEMBE"

Twajua jibu tutakalopewa. Watasema, "Ninyi mnataka watoto wetu warudi kwenye jembe, ili watoto wa wakubwa wa Kinshasa wawe waganga na mawaziri." La, hatutaki hivyo. Mtoto wa mkulima wa Kabambare mwenye kichwa cha hesabu na aende mpaka mwisho wa chuo kikuu, na parokia nzima imsaidie. Lakini twasema mambo mawili.

La kwanza: jembe lenyewe halina aibu, aibu ni ujinga wa kulishika. Mpunga uliletwa Maniema katika karne ya 19 na wafanya biashara wa pwani, na mpaka leo wengi wetu twaulima kama babu zetu: mbegu ile ile, ghala ile ile inayoliwa na panya. Fundi wa kilimo anayejua kuchagua mbegu, kutengeneza mashine ya kukoboa, na kuhesabu faida yake si mtumwa wa mtu. Aweza kuwaajiri wale wenye diploma wanaongoja.

La pili: anayekwenda chuo kikuu naye hakutayarishwa. Kuna watoto wanaomaliza umanite bila kusoma kitabu kimoja toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Basi tusiwadanganye wazazi kwamba pedagojia bila vitabu ndiyo njia ya kwenda chuo kikuu. Mtoto aliyepita njia hiyo hawezi chuo, na kazi nayo hakufundishwa.

TUNATAKA NINI

Kwanza, mwisho wa mwaka wa nane kila shule iwaite wazazi pamoja na watoto wao, mmoja mmoja, kabla ya kuchagua. Wasiitwe kwa ajili ya ada. Waitwe kwa ajili ya mtoto. Na wazazi waambiwe ukweli: waliomaliza seksio hii mwaka jana na mwaka juzi, leo wako wapi? Shule isiyojua wanafunzi wake wa zamani wako wapi haijui inafanya nini.

Pili, asifungue mtu seksio isiyo na vyombo. Ofisi za elimu za Serikali na ofisi zetu za shule za kikatoliki zina uwezo wa kukataa. Zikatae. Afadhali shule moja ya ufundi yenye karakana kamili, hata ikihudumia wilaya nzima, kuliko shule kumi zenye jina la ufundi juu ya mlango na viti vitupu ndani.

Tatu, tuwatumie mafundi tulio nao. Katika Kasongo kuna maseremala, waashi, makanika wa pikipiki na mashine za kukoboa, washonaji, wenye kuunga nyaya za taa za jua. Kwa nini mwanafunzi asikae nao siku moja kila juma, naye fundi akapewa heshima na malipo kidogo? Na wasichana wasifungiwe katika kukata na kushona peke yake. Msichana aweza kuwa fundi wa umeme, aweza kupima ardhi. Anayemtoa binti shuleni ili amwoze mapema amefukia talanta ya mwenziwe ardhini.

Nne, kila parokia ifungue chumba cha kusomea. Majumba yetu ya mikutano yanafungwa siku sita katika juma. Tuweke humo vitabu, kamusi, meza na taa, na mwalimu mstaafu wa kusimamia. Hapo kijana anayeelekea chuo kikuu atajifunza kusoma na kuandika kwa kweli. Hili halingoji Kinshasa. Lataka parokia kuamua tu.

Tano, makusanyo ya siku za mtihani yakome, na yaanze kukoma katika shule zetu sisi. Prefe wa shule ya kikatoliki anayekusanya fedha hizo asikae katika kiti hicho. Na mzazi mkristo anayezitoa asijidai kwamba ameibiwa. Yeye naye ameiba.

Sita, Serikali ilipe walimu wote iliowaandika. Mwalimu mwenye njaa hawezi kumwelekeza mtoto wa mtu, kwa maana yeye mwenyewe atafuta njia ya kutoka. Wabunge wetu wanapokuja kuomba kura, waulizwe neno hili kabla ya kupewa kiti cha kukalia.

Ndugu wasomaji, haya si mambo makubwa kupita nguvu zetu. Mengine ni ya Serikali, nasi tutayadai. Lakini kumwita mzazi, kufungua chumba cha vitabu, kumpeleka mwanafunzi kwa fundi, kukataa fedha chafu: hayo ni yetu, na yaweza kuanza kabla ya mwaka ujao wa shule. Mwaka huo utakapokwisha, unga mweupe utamwagwa tena kichwani mwa watoto wetu. Twataka siku hiyo mzee akiulizwa barazani, "Mtoto anafanya nini sasa?" asitazame chini. Ajibu kwa jina la kazi.